Amplifaya ya Mama Shaba

Mafundi wote ninaowajua wana jibu moja: njoo kesho. Fundi viatu, njoo kesho. Fundi cherehani, njoo kesho, na kitambaa chako bado hata hajakikunjua. Mimi ni kinyozi, kazi yangu haina kesho kwa sababu mteja hawezi kuondoka na nusu kichwa, kwa hiyo nina haki ya kuwasema. Mke wangu peke yake ndiye niliyemwona akitaja siku. Ukimpelekea mota iliyoungua anazungusha shafti kwa kidole, ananusa, anatazama ukuta kidogo, halafu anakwambia, "Njoo Alhamisi." Alhamisi ukifika, mota yako inazunguka.

Kazi yake ni kusuka mota. Pampu ya maji au mashine ya kusaga ikiungua, anatoa waya za shaba zilizokaangika ndani yake na kusuka nyingine mpya, duru juu ya duru, zilale kwa adabu kama zilivyolazwa kiwandani. Watu wanamwita Mama Shaba. Kuna dada mmoja aliyesikia sifa za msusi hodari, akafika karakanani na nywele zimefumuliwa, akakuta kiti cha mteja kimekaliwa na pampu ya kisima. Mke wangu alimkaribisha chai, na hadi leo ni marafiki.

Siri ya kazi hii iko kwenye kidole gumba cha kulia. Waya wa shaba una ngozi ya vanishi, nyembamba hata jicho halioni. Vanishi ikichubuka mahali pamoja tu, waya unagusana na jirani yake, na koili nzima inaungua siku ya kwanza. Kwa hiyo msukaji anaupitisha waya kati ya gumba na kidole cha shahada, na gumba ndilo linalosema: hapa pamechubuka, hapa umevuta mno, hapa umelegeza. Kaka mkubwa wa mke wangu, marehemu shemeji yangu, ndiye aliyemfundisha, na alikuwa akimfunga kitambaa usoni ili asitegemee macho. Mke wangu alikuja kumpita. Shemeji mwenyewe alikuwa akilisema hilo kwa kila aliyetaka kusikia, na kwa wengine ambao hawakutaka.

Basi mwaka huu gumba likaanza kufa ganzi. Hakuniambia. Mimi nilijua kwa vikombe. Mwanamke ambaye hajawahi kuniangushia hata kijiko akaanza kuvunja vikombe, na kila kikivunjika anasema sabuni imezidi. Kisha siku moja nikampelekea chakula cha mchana, nikamkuta na mama mwenye mashine ya kusaga, ambaye alikuwa ameleta mota yake iliyoungua. Mke wangu hakuzungusha shafti. Hakunusa. Alimwambia, "Iache tu. Nitakuita."

Nilisimama mlangoni na bakuli langu, na neno hilo lilinichoma kuliko tusi. Mota ile ikasukumwa kwenye kona, ikafunikwa kitambaa. Mama wa mashine akapita kuulizia, akapita tena, na kila mara aliambiwa ataitwa. Majirani wakaanza kubeba magunia yao hadi ng'ambo ya reli kusaga.

Nilijaribu kumwuliza mke wangu kwa njia za kuzunguka, maana sisi vinyozi hatuulizi jambo moja kwa moja. Akanijibu, "Kinyozi, kata nywele." Akiniita mume wangu, tuko salama. Akiniita Kinyozi, ujue nimekanyaga pasipokanyagwa. Nikanunua vikombe vya plastiki.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya amplifaya. Shemeji alipofariki alituachia spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni, pleya ya santuri, na santuri zenyewe kabati zima. Amplifaya yake ilikuwa imekufa kabla yake. Kwa miaka spika hizo zilikuwa meza za kuwekea madaftari ya watoto na nguo zilizosubiri pasi. Mwaka huu kitinda mimba wetu akahamia kwake, sebule ikarudi mikononi mwetu. Mke wangu mchana kutwa anasikiliza mota, mimi nasikiliza mashine ya kunyolea na wanaume wanaobishana mpira. Tulikuwa tumeahidiana siku nyingi kwamba tukibaki wawili, nyumbani utapigwa muziki safi, wa taratibu.

Tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu, akatuita mama na baba, akatueleza vizuri. Amplifaya ziko za aina mbili, alisema. Kuna ya pamoja, ambayo kila kitu kimo ndani ya boksi moja: unawasha, unaongeza sauti, basi. Na kuna ya vipande, maboksi mawili. La kwanza ni jembamba, linaipokea sauti ndogo kutoka kwenye pleya na kuiongoza, ndilo lenye kitufe cha kuongeza na kupunguza. La pili ndilo pawa, linaichukua ile sauti na kuisukuma hadi kwenye spika.

Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla hajamaliza. Boksi moja, swichi moja, waya chache za kumkwaza mtu. Nikasema hivyo, na nikaongeza kwamba kwa umri wetu hatuhitaji chombo kinachotaka kusomewa maelekezo.

Mke wangu hakukubali, na sababu zake zilikuwa na kichwa na miguu. Ndani ya kila amplifaya kuna transfoma, alisema, na transfoma haikai kimya, inanguruma kwa chini chini hata ikiwa nzima. Sauti inayotoka kwenye sindano ya santuri ni ndogo sana. Ukiilaza chumba kimoja na transfoma, inaamka na mngurumo. Ndiyo maana watu wakatenganisha. Muuzaji alitikisa kichwa kukubali, akasema hata yeye hajawahi kulieleza hivyo.

Halafu mke wangu akafanya lile ambalo kila msukaji hulifanya, na ambalo nadhani hakuna mwingine angelifanya. Alianza kuyapima maboksi kwa kuyanyanyua. Hakuomba yawashwe. Transfoma nzuri ni chuma na shaba, na hivyo viwili havijui kuwa vyepesi, kwa hiyo msukaji akitaka kujua ubora wa mtambo anaushika na kuusikiliza mkononi. Akanyanyua ya pamoja upande mmoja, akairudisha. Akanyanyua pawa moja, akairudisha. Nikaona ananyanyua kwa mkono wa kulia tu, ule ule wenye gumba bovu, na uso wake umekaza kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Nilielewa pale pale kwamba hatukuwa tunanunua amplifaya. Alikuwa anaupa mkono wake mtihani. Ukishinda, ataondoa kile kitambaa kwenye mota ya mama wa mashine. Ukishindwa, atafunga karakana, na hatamwambia mtu kwa nini.

Akafika kwenye pawa moja nyeusi, pana, akaishika ukingo, akainyanyua kidogo, akatulia. Akaishusha polepole.

"Hii ina shaba," alisema. "Mkono umeniambia."

Akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu habari za vikombe. Nikasahau mambo ya boksi moja, nikasema sawa mke wangu, hiyo hiyo na jembamba lake, na nikaibeba mwenyewe hadi nje huku mgongo ukinilaani.

Tulipofika nyumbani alinifundisha utaratibu. Unawasha jembamba kwanza, halafu pawa. Kuzima, unaanza na pawa. Jambo dogo, lakini mimi nikiingia ndani naanza na swichi kubwa, sijui kwa nini, labda kwa sababu ni kubwa. Kila nilipokosea, spika zilipiga ngumi moja ya kifuani, na kutoka jikoni nikasikia, "Kinyozi." Nilikosea mara nyingi kuliko ninavyopenda kusimulia.

Lakini muziki ulipoanza, ulikuwa mtamu. Santuri za shemeji, gitaa zinazungumza kwa zamu, mwimbaji kama amekaa kwenye kochi letu. Nikaomba aongeze kidogo. Akaongeza, besi ikaingia, na sauti ikakatika pumzi. Haikuzimika, ilififia tu, ikakwaruza, ikarudi, ikafifia tena, mfano wa mzee anayepanda ngazi. Mke wangu akapunguza, ikapona. Akaongeza, ikaugua.

Alienda akaweka viganja vyote viwili juu ya pawa, akaacha santuri iendelee. Baadaye alinieleza alichokuwa anatafuta. Transfoma ikifanya kazi inapata joto. Kiganja cha kushoto kilikuta joto kali kwenye pembe moja ndogo. Upande mwingine, ule mzito, ulioufanya mkono useme shaba, ulikuwa baridi kama sakafu. Akaenda kuchukua bisibisi.

Kifuniko kilipotoka niliona ndani pakiwa peupe, pana nafasi ya kutosha paka kulala. Pembeni kilikaa kitransfoma cha kukutia huruma, cha kutosha redio ya jikoni. Na katikati, kimefungwa kwa nati mbili, kimepakwa rangi nyeusi kwa uangalifu, palikuwa na kipande cha saruji. Saruji, ile ya kujengea. Mtu fulani mahali fulani alikaa akafikiri: wapo watu wanaopima kwa mkono, hao tuwamwagie zege.

Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kupigana, nikapiga simu dukani. Kijana alisikitika kweli, nilisikia kwenye sauti yake. Alisema mitambo inamfikia imefungwa, hajawahi kufungua hata mmoja, na kwamba tuurudishe tu, atatupa ile ya pamoja niliyoitaka. Nikamgeukia mke wangu na habari njema. Alikuwa amekaa chini sakafuni, bisibisi mapajani, anaitazama saruji.

"Nikiirudisha hii, nitakuwa nimerudisha na mkono wangu," akasema. "Umekwisha, mume wangu. Haujui tena shaba na zege."

Ndiyo mara ya kwanza alilitamka. Nilikaa chini karibu naye. Nikaishika ile saruji, nikainyanyua, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaibeba kutoka dukani, nilijua ninachokisema.

"Mkono ulikwambia nini?" nikamwuliza. "Ulikwambia ni kizito. Haya, si kizito? Mkono haukudanganya. Hukuuliza tu ni kizito cha nini."

Kisha akacheka, kicheko cha kwanza chembamba, cha pili cha tumbo, mpaka akafuta machozi kwa kanga. Nilijivuna sana, maana kumchekesha mke wangu siku kama ile si kazi ya kila mtu. Alipomaliza alisema niondoe vyombo mezani.

Akaleta kutoka karakanani kiini cha chuma cha stabilaiza mbovu ya kutuliza umeme, magurudumu ya waya, karatasi ya kukinga joto, na mashine yake ndogo ya kusukia yenye mkono wa kuzungusha. Angesuka transfoma mwenyewe, kubwa, ya kukaa mahali pa saruji. Mimi nikapewa kazi ya kuzungusha. Masharti yalikuwa mawili: mwendo mmoja, na nifunge mdomo, kwa sababu nikisema mkono wangu unaongeza kasi. Hilo la pili lilinitesa.

Koili ya kwanza aliisuka kama alivyosuka maisha yake yote, waya ukipita kwenye gumba la kulia. Tulifanya kazi mchana kutwa wa Jumapili. Ilipendeza kwa macho. Kabla ya kuifunga kwenye boksi aliipima kwa taa, kama mafundi wapimavyo: umeme unapitia kwenye balbu kabla ya kufika kwenye koili. Koili ikiwa nzima, balbu inabaki na wekundu hafifu tu. Ikiwa kuna mahali pamechubuka, balbu inawaka yote. Akagusisha waya, na sebule ikajaa mwanga. Nikaangalia chini ili nisimwone usoni.

Nilidhani atatupa. Aliifumua yote mpaka akapafikia palipochubuka. Palikuwa mahali padogo, kama palipoumwa na panya. Gumba lilikuwa limepita hapo bila kusema kitu. Akakaa akilitazama gumba kama mtu anavyomtazama mfanyakazi wa zamani ambaye sasa amezeeka, bila hasira. Halafu akasimama, akaligeuza lile gurudumu la waya kutoka kulia kwenda kushoto, akaigeuza mashine, akaniambia nihamie upande wa pili wa meza.

Alianza kujifunza upya kwa mkono wa kushoto. Mwanamke ambaye watu wanavuka mito kumletea mota, alisuka kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza: duru mbili, anasimama, anafumua moja. Alikosea, akalaani, akanilaumu mimi, akarudia. Jumapili nyingine ikaja na kupita, tukala kwenye kochi kwa sababu meza haikuwa yetu. Siku moja nikamkuta amejifunga kitambaa usoni, ule ufundi wa kaka yake, anavuta waya taratibu kati ya gumba la kushoto na kidole, midomo inacheza. Sikumwita. Nilirudi nje nikajifanya ndiyo naingia, nikavua viatu kwa kelele.

Siku ya kupima koili ya pili sikuweza kukaa. Nilisimama nyuma ya kochi. Akagusisha waya. Balbu ikawa na wekundu hafifu, uzi tu wa moto ndani ya kioo, ikabaki hivyo. Akaiacha, akasubiri, akaigusa koili kwa kiganja cha kushoto. Ikabaki hivyo. Mimi ndiye niliyepiga kelele, yeye alisema tu, "Basi."

Kilichofuata hakuniambia, alikifanya nikiwa kazini. Lile boksi jembamba nalo alikuwa amelifungua, akakuta kwamba kitu chenye maana ndani yake ni kibao kidogo cha kutosha kiganjani, kwingine kote ni hewa. Tulikuwa tumenunua boksi la hewa na boksi la saruji. Na transfoma yake mpya ilipokaa mahali pa zege, bado palibaki nafasi. Basi akakihamisha kile kibao ndani ya pawa, akajenga ukuta wa bati la chuma katikati, transfoma huku, sauti ndogo kule, akaweka swichi moja mbele.

Niliporudi nikalikuta boksi moja mezani. Nikamwuliza vipi, si yeye aliyesema sauti ndogo isilale na transfoma.

"Nimeweka ukuta," akajibu. "Nimeishi na wewe unayekoroma, nashindwaje na transfoma? Ulitaka boksi moja, swichi moja. Haya."

Nilisogea kuiwasha, akanizuia. Akataka niinyanyue kwanza. Mimi maisha yangu yote chombo changu kizito ni mkasi, lakini nikaikumbatia, nikaivuta, ikaondoka mezani kwa shida.

"Mkono wako unasemaje?" akaniuliza.

"Kizito."

"Kizito cha nini?"

"Cha shaba," nikasema. Nilikuwa nimeibeba fahari yangu yote mikononi, kazi ya mke wangu, na sikutaka kuiweka chini. Tuliwasha. Hakukuwa na ngumi kifuani. Alichagua santuri aliyoipenda kaka yake, akaongeza sauti, akaongeza tena, besi ikaingia na kukaa, na gitaa la mwisho lilipokwisha tulisikia kimya kitupu, bila mngurumo hata wa kusingiziwa. Majirani walikuja mlangoni kuuliza tumenunua wapi. Niliwajibu, kabla mke wangu hajafungua mdomo, kwamba ameisuka mwenyewe.

Boksi la hewa sasa liko dukani kwangu, naweka vitana. Saruji inazuia mlango usijifunge, na kila mteja mpya anayeiuliza anasikia habari yote hadi nywele zinaisha, hata kama alikuja kunyoa ndevu tu.

Lakini hicho sicho ninachokisimulia kwa sauti ya chini. Kesho yake nilimpelekea chakula cha mchana karakanani. Magurudumu ya waya yote yalikuwa yamehamia upande wa kushoto. Kwenye kona hapakuwa na kitambaa, kilikuwa kimekunjwa juu ya rafu, na mota ilikuwa mezani, imefunguliwa. Mama wa mashine alikuwa anapita barabarani, hata hakuingia, alikuwa ameshazoea. Aliuliza tu kwa mazoea, akiendelea kutembea, ataitwa lini kwa ajili ya ile mota yake.

Mke wangu akazungusha shafti kwa kidole. Akanusa. Akatazama ukuta.

"Njoo Alhamisi," akasema.